Uzi laini, wa bei nafuu na unaofulika kwa nguo za watoto wachanga: tuchague upi?

Kofia_na_Soksi
Wakuu, heshima kwenu. Nina oda za seti za watoto wachanga (sweta, kofia, soksi, na wengine wanataka na blanketi dogo) za kupeleka Njombe na Makete kabla ya baridi ya Juni. Wateja wanataka mambo matatu kwa mpigo: uzi usimkwaruze mtoto, bei isiwatoe jasho, na nguo ivumilie kufuliwa kila siku. Kariakoo kila donge linaitwa "wool", ukimuuliza muuzaji anakujibu "huo laini dada, chukua". Naomba mwongozo wa wanaojua: uzi wa aina gani, kiasi gani kwa kila nguo, na nipimeje kabla sijanunua mzigo.

SindanoNane
Karibu dada. Anza na karatasi iliyozungushiwa donge, jina kubwa la mbele liache. "Baby wool", "cashmere", "milk cotton" ni majina ya biashara tu. Geuza upande wa nyuma utafute asilimia. Mara nyingi utakuta "100% acrylic" hata pale ambapo mbele kuna picha ya kondoo. Hilo lisikutishe, kwa kazi yako akriliki ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Nitaeleza sababu.

Sufu ya kondoo ina magamba madogo juu ya kila unywele. Ikikutana na maji ya moto, sabuni kali na kusuguliwa, magamba yanashikana, nguo inasinyaa na kuwa ngumu kama blanketi la jeshi, na hairudi tena. Mama mwenye kichanga anafua haraka haraka, hana muda wa kubembeleza sweta. Kuna sufu iliyotibiwa kiwandani isisinyae (kwenye lebo huandikwa "superwash"), na hiyo ni nzuri kweli, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Akriliki haisinyai kwa maji ya uvuguvugu, inakauka upesi, wadudu hawaili, na rangi yake kwa kawaida inashika vizuri. Ubaya wake ni miwili. Iliyotengenezwa kwa nyuzi nene inakwaruza na kulia kwenye sindano. Na haipendi joto kali: pasi moja tu na ukingo wa kubana unalegea moja kwa moja.

Pamba ni laini na haiwashi, ila ni nzito, haivutiki na kurudi, na ikilowa inachelewa kukauka. Mchanganyiko wa pamba na akriliki, nusu kwa nusu au 60 kwa 40, unapunguza kasoro za pande zote mbili.

Kwa Makete mwezi wa saba: akriliki laini ya nyuzi nyembamba (tafuta "microfibre" au "anti-pilling", yaani usiotoa vidonge vya manyoya, kwenye lebo), au mchanganyiko. Kwa Tanga na Dar: pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi.

Mwanapwani77
Hapa nina hoja. Mtoto mchanga na plastiki wapi na wapi? Akriliki ni plastiki. Pamba ndiyo nguo ya mtoto, tangu bibi zetu.

SindanoNane
Mwanapwani, kwa Pwani niko na wewe. Lakini tazama maji. Kwenye hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, sufu kama 16, akriliki haifiki 2. Mtoto akicheua maziwa kwenye sweta la pamba huko Makete, lile sweta linashikilia maji juu ya kifua chake, na kwenye ukungu wa Juni linaweza kukaa kambani siku mbili. Akriliki ukiikamua vizuri kwenye taulo, jioni imekauka. Wanachofanya wafumaji wengi wa nyanda za baridi ni kumvika mtoto fulana ya pamba ndani, sweta la akriliki juu. Ngozi inagusa pamba, joto linashikwa na sweta.

Fundi Kitanzi
Naongezea namna ya kupima ulaini, maana watu wengi wanapima vibaya. Vidole vya mfumaji vimekomaa, vitakudanganya. Chukua donge ulisugue taratibu shingoni chini ya sikio, au upande wa ndani wa kiwiko, kisha uliache limegusa ngozi dakika moja nzima. Mwasho hauji sekunde ya kwanza. Kama kuna kitu kinachoma choma, hata kidogo, huo si uzi wa kichanga.

Halafu fumua ncha ya uzi uhesabu ni nyuzi ngapi ndogo zimesokotwa pamoja. Uzi wa uzi mmoja uliopindwa kilegevu ni mtamu dukani, lakini baada ya kufuliwa mara tatu nne unatoa vidonge vya manyoya kwapani na tumboni. Unaotaka ni nyuzi 3 au 4 zilizopindwa vizuri. Jaribio la haraka: shika vipande viwili vya uzi huo huo uvisuguane mara 30 kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiona tayari umefanya ukungu wa manyoya, rudisha.

Nyuzi zenye manyoya marefu na zile za mahameli, achana nazo kwa watoto wa chini ya mwaka. Manyoya yanaingia mdomoni na puani, na mahameli huchomoa vitanzi vyenyewe vikatokeza nje kama minyoo.

Kofia_na_Soksi
Asanteni sana. Na donge lisilo na karatasi? Kuna maduka yanauza kwa kilo, hakuna lebo yoyote.

Fundi Kitanzi
Choma. Kata sentimita 10, ishike kwa koleo dogo au kibanio cha chuma juu ya sahani ya udongo, maji yawe karibu, dirisha wazi, watoto mbali.

Pamba inawaka upesi kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha jivu laini la kijivu. Sufu inawaka kwa shida, ukiondoa moto inajizima, inanuka nywele zilizoungua, na mabaki yake yanasagika vidoleni. Akriliki inawaka kwa nguvu huku ikiyeyuka, moshi mweusi, na inaacha punje nyeusi ngumu isiyo na umbo. Poliesta inajikunja mbali na moto, inayeyuka, inaacha punje ngumu ya mviringo. Mchanganyiko unatoa dalili mbili kwa pamoja, kwa mfano harufu ya karatasi pamoja na punje ngumu ndani ya jivu.

Kama shaka yako ni sufu peke yake, loweka kipande kwenye jiki isiyochanganywa na maji, ndani ya glasi. Sufu inayeyuka yote baada ya muda. Pamba na akriliki zinabaki. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi ya sumu.

Nyuzi_za_Limuru
Salamu kutoka Kenya. Mtu asidanganywe na "sufu ya kienyeji" pia. Kondoo wa Kimasai na Dorper hawana sufu ya kusokota, wana nywele. Sufu yetu hutoka kwa kondoo wa nyanda za juu, Molo, Nyandarua na kwingineko, wengi wao Corriedale na machotara wa Merino. Ikisokotwa kwa mkono ni nzuri kwa mazulia, poncho na sweta za watu wazima, ila kwa shingo ya mtoto mchanga ni kali. Kinachoamua ni unene wa unywele. Nywele zinazozidi kama maikromita 30 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hazipindi zikigusa ngozi, zinadunga. Merino laini iko chini ya 20. Corriedale inazunguka kati ya 25 na 31, kwa hiyo ndani yake daima kuna nywele za kudunga.

Hapa Nairobi, ukitaka akriliki ya bei ya chini pita Biashara Street na Eastleigh, ulinganishe kabla ya kulipa. Tofauti ya bei kwa donge lile lile huwa inashangaza.

Mtaalamu wa Senti
Ngoja tuongee pesa, maana hapo ndipo watu wanaliwa. Msinunue uzi kwa donge wala kwa gramu, nunueni kwa mita. Sweta halijazwi na gramu, linajazwa na urefu wa uzi.

Mfano wa hesabu, bei ni za mfano tu:

Donge A, akriliki, gramu 100, mita 290, sh 5,000. Gawa: sh 1,724 kwa kila mita 100.
Donge B, pamba, gramu 50, mita 105, sh 3,000. Gawa: sh 2,857 kwa kila mita 100.

Ukitazama haraka, B inaonekana rahisi kwa sababu unatoa elfu tatu tu. Seti ya mtoto wa miezi 0 mpaka 3 inakula kama mita 445 za uzi wa unene wa 8 plai (wengine wanauita DK): sweta 300, kofia 90, soksi 55. Kwa A unanunua madonge 2, sh 10,000, na unabakiwa na mita 135, zinatosha kofia nyingine. Kwa B unanunua madonge 5, sh 15,000. Pamba ni nzito kuliko akriliki, kwa hiyo gramu zile zile zinakupa mita chache. Hiyo siyo ujanja wa muuzaji, ndivyo ilivyo.

Makadirio mengine ya 8 plai kwa kufuma na sindano mbili: sweta la miezi 3 mpaka 6, mita 350 hadi 400. Miezi 6 mpaka 12, mita 400 hadi 450. Blanketi la sentimita 75 kwa 90, mita 800 hadi 1,000 kutegemea mfumo. Kama unatumia kroshia, weka robo hadi theluthi juu ya hapo, maana kroshia inakula uzi.

Na beba mizani ndogo ya jikoni. Donge lililoandikwa gramu 100 likipungua gramu 8, kwa madonge 30 umepoteza zaidi ya mawili.

Fundi wa Mashine
Kama oda ni nyingi, kuna njia ya bei ya chini zaidi ambayo wafumaji wa mkono huwa hawaifikirii: konu za uzi wa mashine, zile zinazotumika kwa sweta za shule. Nyingi ni akriliki na zimeandikwa 2/32 au 2/28. Maana ya 2/32: nyuzi 2 zimesokotwa pamoja, kila moja ina mita 32 kwa gramu. Gawa 32 kwa 2, unapata mita 16 kwa gramu, yaani mita 1,600 kwa gramu 100.

Ni nyembamba mno kwa sindano za mkono, kwa hiyo unashika nyuzi kadhaa kwa pamoja. Ukishika 4 unapata mita 400 kwa gramu 100, sawa na uzi wa 4 plai. Ukishika 5 ni mita 320. Ukishika 6 ni mita 267. 8 plai ya kawaida iko katikati ya 5 na 6. Mimi ningechagua 5 kwa kichanga, kitambaa kinakuwa chepesi.

Tahadhari. Uzi wa konu umepakwa nta au mafuta ili upite vizuri kwenye mashine. Dukani unaushika unaona mkavu, umekakamaa, unausema vibaya. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza unavimba na kulainika. Kwa hiyo usiuhukumu kabla hujafuma kipande na kukifua. Na kwa sababu unavimba, vipimo vyako vya kabla ya kufua ni bure.

Pia usizungushe nyuzi 5 kutoka konu moja kwa kubahatisha mvuto. Moja ikiwa imekazwa kuliko nyingine, kitambaa kinafanya mikunjo midogo isiyoisha. Zungusha madonge kwanza, nyuzi zote zipite kwenye pete moja, mkono mmoja unavuta sawa.

Mama Ribu
Swali: nina sindano za zamani zimeandikwa 8, lakini mwongozo nilioupata mtandaoni unasema 8 na sweta linatoka dogo kama la mwanasesere. Tatizo ni uzi?

SindanoNane
Tatizo ni namba, mama. Sindano zetu nyingi za zamani zina namba za Kiingereza, ambapo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: 8 ni milimita 4, 10 ni milimita 3.25, 6 ni milimita 5. Namba za Kimarekani zinakwenda kinyume: 8 yao ni milimita 5, na 6 yao ni milimita 4. Mwongozo wako ni wa Marekani. Fuata milimita tu, namba uzisahau. Kama sindano haina milimita, ipitishe kwenye karatasi ngumu uliyotoboa kwa sindano unayoijua.

Kwa 8 plai anza na milimita 4, utarajie vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kwa 4 plai anza na 3.25, vitanzi 28. Kwa uzi mnene wa 10 plai, milimita 5, vitanzi 18.

Ukingo wa kubana wa chini na mikononi (kitanzi mbele, kitanzi nyuma) shuka nusu milimita au zaidi, hasa kwa pamba, kwa sababu pamba haina mpira wa kuurudisha.

Kofia_na_Soksi
Hicho kipande cha majaribio mnachokisema kina umuhimu kweli, au ni mambo ya vitabuni? Kwa kofia tu naona kama kupoteza uzi.

Fundi Kitanzi
Kwa kofia moja, ifume tu, kofia yenyewe ndiyo jaribio. Kwa oda ya seti 20 kutoka uzi usioujua, usithubutu kuruka.

Hesabu ni hii. Mwongozo unataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, kifua cha mbele vitanzi 55, yaani sentimita 25. Wewe mkono wako umelegea kidogo unatoka 20. Vitanzi 55 vinakuwa sentimita 27.5. Mbele na nyuma ni sentimita 5 za ziada, ambazo kwa kichanga ni saizi nzima.

Anzisha vitanzi 30, fuma sentimita 15, funga. Usipime bado. Kifue vile vile mama atakavyofua: beseni, sabuni ile ile, maji yale yale, kikaushwe. Rudia mara tatu kama uzi ni mgeni. Halafu pima katikati, ukiacha kingo. Kipande hicho hicho kinakuambia mambo manne: vitanzi vyako, kama uzi unasinyaa au kurefuka, kama rangi inatoka, na kama unatoa manyoya.

Kwa rangi: nyekundu, nyeusi, buluu ya giza na zambarau ndizo za kushuku, zaidi kwenye pamba. Loweka uzi wa sentimita 15 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, kisha ulaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba ukibonyeze. Ukiacha doa, usiuchanganye na nyeupe kwenye nguo moja hata mteja akilia.

Zuhura_Ulaya
Niko Ujerumani. Kwa wenye ndugu huku wanaoulizwa "tukuletee nini", uzi wa soksi ndio unaostahili kubebwa: sufu asilimia 75, nailoni 25, gramu 100 zina kama mita 420, na mwingi wake unafuliwa kwa mashine nyuzi joto 40. Gramu 100 zinatosha kabisa sweta na kofia ya mtoto wa miezi mitatu kwa sindano ya milimita 2.5 hadi 3. Si rahisi kwa bei, ila nguo inapokezanwa watoto watatu. Angalieni tu kama ni laini, baadhi ni kali kwa sababu umetengenezewa miguu.

Na sufu iliyotibiwa inarefuka ikilowa. Usiitundike. Ilaze, isukume irudi kwenye vipimo vyake.

Mwanapwani77
Haya, nimewasikia. Sasa tuje kwenye kufua, maana hapo ndipo mnapowaachia wateja wakahangaike. Alama za kwenye karatasi mteja hazijui.

SindanoNane
Kweli kabisa. Alama za kukumbuka ni chache. Beseni lenye namba: hiyo ndiyo nyuzi joto ya juu kabisa ya maji. Beseni lenye mkono: fua kwa mkono. Pembetatu iliyokatwa: usitie jiki. Pasi yenye nukta moja: vuguvugu, isizidi 110. Pasi iliyokatwa: usipige kabisa. Mraba wenye duara ndani uliokatwa: usikaushe kwa mashine.

Kwa mteja andika kwenye kikaratasi, kwa Kiswahili, umfungie kwenye kifungo:

"Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Usisugue, bonyeza. Usikamue kwa kusokota. Kunja kwenye taulo ukanyage. Anika kwa kulaza. Usipige pasi."

Inatosha.

Kuhusu sabuni: sabuni ya unga kwa akriliki na pamba haina neno mradi isuuzwe mpaka maji yawe meupe, sabuni iliyobaki ndiyo inayomuwasha mtoto na watu wanasingizia uzi. Kwa sufu, epuka sabuni zenye vimeng'enya vya kutoa madoa, vinakula sufu kama vinavyokula doa la yai. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi, kama Dodoma na sehemu nyingi za Pwani, inaacha utando mweupe na uzi unakakamaa. Suuza ya mwisho kwa kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye lita 4 za maji inaondoa utando huo.

Dawa ya kulainisha nguo inasaidia akriliki, inapunguza zile cheche za umeme wakati wa kuvua. Kidogo tu. Akriliki ngumu ya bei ya chini inaweza kulainika sana ukiifua hivyo mara mbili na kuifuma kwa sindano iliyozidi nusu milimita, lakini ikiwa ilidunga shingoni mwako, itaendelea kudunga.

Daktari wa Mtaa
Naingilia hapo kwenye kuanika. Mmesema "laza", na watu watalaza kwenye majani au kwenye mkeka chini ya mwembe. Kwenye maeneo yenye inzi wa maembe, Pwani yote na kwingineko kwenye joto, inzi huyo anataga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini na karibu na mchanga. Mabuu yakigusa ngozi yanaingia na kufanya jipu, na mgongo wa kichanga ndio unaoumia. Dawa inayojulikana ni kupiga pasi ya moto kila nguo pande zote. Sasa sweta la akriliki halipigwi pasi.

Kwa hiyo: lazeni ndani ya nyumba, au juu ya meza au kichanja chini ya chandarua. Jua halina shida kwa akriliki, inalivumilia kuliko nyuzi nyingine karibu zote. Kama nguo ilianikwa nje bila kinga, iwekwe kando wiki mbili kabla ya kuvaliwa, mabuu yasiyopata ngozi yanakufa.

Mawili mengine ya usalama. Kwenye soksi na vifuniko vya mikono, geuzeni ndani muangalie nyuzi zinazoning'inia. Uzi ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unakata damu, na mama haoni kwa sababu kidole kimefichwa. Ncha zote zichomekwe, mapambo ya rangi mbili yenye nyuzi ndefu za nyuma yasitumike hapo. Na akriliki karibu na jiko la mkaa ni hatari: inayeyuka na kushika ngozi. Sufu inajizima yenyewe, akriliki hapana. Kwa nyumba ambazo mtoto anaota moto na familia, mwambieni mteja waziwazi.

Mama Ribu
Hilo la inzi wa maembe nimelibeba. Je, yule wa kunyoosha sweta lililokunjamana afanyeje kama pasi hairuhusiwi?

Fundi Kitanzi
Lilowe, likamuliwe kwenye taulo, lilazwe juu ya taulo kavu, uvute kingo kwa mkono mpaka zinyooke, ubanie na pini zisizoshika kutu. Likikauka limenyooka. Mvuke wa pasi kwenye akriliki unaifanya ilale kama kitambaa cha hariri, inapendeza kwa shali, lakini kwenye sweta umeua ukingo wa kubana na hakuna wa kuufufua.

Kofia_na_Soksi
Nimeelewa. Mpango wangu: akriliki ya "anti-pilling" 8 plai kwa sweta na kofia, mchanganyiko wa pamba kwa soksi na upande wa shingo. Seti 20. Nikokotoe mita 445 mara 20, yaani mita 8,900, madonge 31 ya mita 290?

Mtaalamu wa Senti
Hesabu ni sahihi kwenye karatasi. Ila soksi umezihamishia kwenye mchanganyiko, kwa hiyo akriliki inashuka: 390 mara 20 ni 7,800, madonge 27. Ongeza 2 ya akiba, 29. Soksi, mita 55 mara 20 ni 1,100. Mchanganyiko wenye mita 120 kwa gramu 50 unahitaji madonge 10.

Lakini usigawe mchanganyiko na akriliki ndani ya sweta moja. Pamba itarefuka shingoni huku mwili umebaki, na sweta litakaa begani. Shingo ifume kwa uzi ule ule wa mwili.

SindanoNane
Naunga mkono hilo la shingo. Na kabla hujalipa, angalia namba ya rangi kwenye karatasi, ile inayoandikwa "lot" au "dye lot". Madonge yote ya rangi moja yawe na namba moja. Nyeupe nayo ina namba, watu husahau. Ukikuta dukani kuna 20 za namba moja na 9 za nyingine, usizikatae. Gawa kwa seti: seti 14 kutoka kundi la kwanza, zilizobaki kutoka la pili, ili ndani ya seti moja rangi isitofautiane. Kama sweta moja litalazimika kuvuka makundi mawili, pale unapovuka fuma mistari miwili ya donge la zamani na miwili ya donge jipya kwa kupokezana, sentimita 4 au 5 hivi, kisha endelea na jipya. Jicho halitaona mpaka.

Kofia_na_Soksi
Sawa. Naenda kuchukua madonge mawili tu kwanza, nifue kipande mara tatu, ndipo nirudi kwa mzigo. Muuzaji akikubali kuniwekea namba moja.

Mtaalamu wa Senti
Mwachie kianzio, na uondoke na namba ya lot imeandikwa kwenye risiti.